Kufuma na Kufumua: Mwongozo kwa Anayeshika Sindano kwa Mara ya Kwanza

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Nilianza na vitanzi 20, sasa ninavyo 27, vimetoka wapi? Mbona kitambaa kinajikunja kama mkeka? Kitanzi kimechomoka na kinaporomoka, nifanyeje? Niliweka kazi chini kupokea simu, sasa sijui nilikuwa naelekea upande gani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Nikuonye mapema: sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kufumua. Wanaoanza wengi hufundishwa kwenda mbele tu, na siku ya kosa la kwanza kazi inaishia chini ya kitanda. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini uzi unazoleka. Sweta nzima ukiifumua unabaki na uzi wako wote. Ukilijua hilo mikononi, si kichwani tu, utafuma bila woga.

Tutaanza na kipande kidogo cha vitanzi 20. Si skafu wala kofia, ni kipande tu. Skafu yangu ya kwanza ilianza na vitanzi 30 ikamalizika na 41, na ilionekana kama tai ya jitu. Ningeanza na kipande ningeokoa madonge mawili ya uzi.

MAHITAJI

- Donge moja la uzi wa unene wa kati, ule ambao lebo yake inapendekeza sindano za milimita 4 hadi 5. Chagua rangi nyepesi na uzi laini usio na manyoya. Uzi mweusi unaficha vitanzi, na uzi wa manyoya haufumuki kirahisi. Sufu inavutika kidogo na kusamehe makosa. Akriliki nayo inafaa. Pamba haivutiki, inachosha vidole vya mgeni.
- Sindano mbili za kufumia, milimita 5. Za mianzi au mbao zinashika uzi vizuri kuliko za chuma. Chuma kinateleza, na kuteleza ni raha ya waliokwisha kuzoea.
- Kulabu ya krosheti ya milimita 4 au zaidi kidogo, hata kama huna mpango wa kufuma krosheti, yaani ufumaji wa kulabu moja badala ya sindano mbili. Hiyo ndiyo gari lako la wagonjwa.
- Sindano ya kushonea yenye tundu kubwa na ncha butu.
- Mkasi, futikamba, pini chache za kufunga, daftari na kalamu.
- Mita moja au mbili za uzi mwembamba wa pamba, rangi tofauti kabisa na ya kazi yako.

Angalizo kuhusu namba za sindano: soma milimita, usisome namba tupu. Namba za zamani za Uingereza zinakwenda kinyume, yaani namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4, na namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Ukirithi sindano za bibi ukazitumia na maelekezo ya Kimarekani bila kupima, sweta itamtosha mtoto.

Kabla hujatupa lebo ya uzi, ibandike kwenye daftari. Ina aina ya uzi, urefu kwa mita, alama za kufua, na namba ya mkupuo wa rangi, yaani kundi la uzi uliotiwa rangi kwa pamoja. Madonge mawili yanayoonekana ya rangi moja lakini yenye namba tofauti za mkupuo yanaweza kuachana kabisa yakikaa pamoja kwenye kitambaa. Ukinunua uzi wa kazi kubwa, nunua wote kwa mara moja, wa mkupuo mmoja.

HATUA

1. Tengeneza kitanzi cha kwanza. Acha mkia wa sentimita 15. Pindisha uzi uwe duara, kisha vuta uzi unaotoka kwenye donge upite katikati ya duara hilo na kutokeza kitanzi. Kivishe kwenye sindano moja na ukikaze taratibu. Kiweze kuteleza juu ya sindano. Kikigoma kusogea, umekaza mno.

2. Anzisha vitanzi 20. Zipo njia nyingi za kuanzisha. Nakupa hii kwa sababu mwendo wake ndio ule ule wa kufuma, kwa hiyo unajifunza mambo mawili kwa bei ya moja. Shika sindano yenye kitanzi kwa mkono wa kushoto. Chomeka sindano ya kulia ndani ya kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, ncha itokee nyuma ya sindano ya kushoto. Zungusha uzi wa donge kwenye ncha ya sindano ya kulia, kutoka nyuma ukija mbele, upite katikati ya sindano mbili. Vuta ncha irudi mbele ikiwa na uzi huo. Umepata kitanzi kipya. Usikiachie cha zamani. Kivishe kipya kwenye sindano ya kushoto, pembeni ya mwenzake. Sasa viko viwili. Rudia hadi 20.

Angalizo: ukizungusha uzi, usiukokote kutoka mkia. Mkia na uzi wa donge hufanana, na wengi hufuma na mkia hadi unaisha, kisha wanashangaa. Tupa mkia nyuma ya kiganja au ufunge pini.

3. Fuma safu ya kwanza. Mwendo ni huo huo, ila mwisho wake ni tofauti. Chomeka, zungusha, vuta, achia. Kitanzi kipya kinabaki kwenye sindano ya kulia, na cha zamani unakiteleza kidondoke kutoka sindano ya kushoto. Hiki ndicho kitanzi cha pleni. Safu ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, kwa hiyo usijipime nayo. Ikifika safu ya nne mikono itaanza kuelewa.

Hapa ndipo watu wengi wanakazana hadi sindano zinalia kwi kwi. Sababu ni mbili. Ya kwanza, wanafuma kwenye ncha, pale sindano inapokuwa nyembamba, kwa hiyo vitanzi vinakuwa vya kipimo cha ncha. Kila kitanzi kipya kisogeze hadi kwenye unene kamili wa sindano. Ya pili, wanavuta uzi kila baada ya kitanzi kama wanaofunga mzigo. Acha uzi upite kati ya vidole, juu ya kidole cha shahada, chini ya cha kati, au vyovyote unavyoona raha, mradi vidole viuzuie kidogo tu. Wapo wanaoshika uzi kwa mkono wa kulia na wapo wa kushoto. Kitambaa ni kile kile. Chagua mmoja na usibadilishe katikati ya kazi, maana mkazo utabadilika na itaonekana.

4. Geuza. Vitanzi vyote vikihamia sindano ya kulia, badilisha mikono. Sindano iliyojaa inakwenda kushoto.

Sasa soma taratibu, kwa sababu swali la vitanzi 20 vilivyokuwa 27 linajibiwa hapa. Mwanzo wa safu, uzi unaning'inia kutoka kitanzi cha kwanza. Ukiupeleka nyuma kwa kuupitisha juu ya sindano, utakinyanyua kitanzi cha kwanza, na miguu yake miwili itaonekana kama vitanzi viwili. Utavifuma vyote viwili kwa moyo safi. Safu inayofuata vivyo hivyo. Dawa: kila ukigeuza, vuta uzi kwenda chini kwanza, kisha upeleke nyuma kwa kupitia chini ya ncha ya sindano. Kiangalie kitanzi cha kwanza. Kiwe kimoja.

5. Hesabu. Mwisho wa kila safu, hesabu vitanzi. Kila safu, wiki nzima ya kwanza. Najua inachosha. Kosa la kitanzi kimoja ukiliona ndani ya safu moja linarekebishwa kwa dakika moja. Ukiliona baada ya safu 15, jioni yako imekwisha.

6. Endelea hadi uone matuta. Ukifuma pleni kila safu, pande zote mbili za kitambaa zinapata matuta ya kulala. Tuta moja ni safu mbili. Ukitaka kujua umefuma safu ngapi, hesabu matuta ya upande mmoja uzidishe kwa mbili. Kitambaa hiki kinalala vizuri, hakijikunji, na ndicho kizuri kwa skafu ya kwanza. Fuma matuta 15.

7. Jifunze pali. Pali ni pleni iliyotazamwa kutoka nyuma, basi. Lete uzi mbele ya kazi kabla hujaanza. Chomeka sindano ya kulia kwenye kitanzi kutoka kulia kwenda kushoto, ncha ibaki mbele ya sindano ya kushoto. Zungusha uzi kwenye ncha, sukuma kitanzi kipya kitoke nyuma, achia cha zamani. Pleni inaacha umbo la V mbele yako. Pali inaacha nundu.

Fuma safu moja pleni, safu inayofuata pali, kwa kupokezana, safu 14. Upande mmoja utakuwa na V zilizopangana vizuri, ule uliouzoea kwenye sweta za dukani. Upande wa pili utakuwa nundu tupu. Na kitambaa kitaanza kujikunja: pembeni kuelekea nyuma, chini na juu kuelekea mbele. Hujakosea. Ndiyo tabia ya mfumo huu, na pasi au maji havimalizi tabia hiyo. Ukitaka kitambaa kitulie, anza na safu sita za matuta, na kila upande acha vitanzi vitatu au vinne ambavyo unavifuma pleni siku zote. Wanaoniandikia kwamba skafu yao ya V imejikunja ikawa bomba, hakuna cha kuwafanyia isipokuwa kuwapa pole na kuwaelekeza sehemu ya kufumua.

8. Changanya pleni na pali kwenye safu moja. Pleni mbili, pali mbili, hadi mwisho wa safu. Safu inayofuata, fuma unachokiona: penye V fuma pleni, penye nundu fuma pali. Utapata mistari ya kusimama inayonyumbulika, ile ya mikononi na kiunoni mwa sweta.

Angalizo: ukitoka pleni kwenda pali, uzi unatoka nyuma kuja mbele kwa kupita katikati ya sindano mbili. Ukiupitisha juu ya sindano badala ya katikati, umeongeza kitanzi na umetoboa tundu. Wafumaji wa lesi hufanya hivyo kwa makusudi. Wewe bado.

9. Funga. Fuma vitanzi viwili pleni. Kwa ncha ya sindano ya kushoto, nyanyua kile cha kwanza, kivushe juu ya cha pili, kidondoshe. Kimebaki kimoja. Fuma kingine, vusha tena. Cha mwisho kikibaki peke yake, kata uzi ukiacha sentimita 15, upitishe ndani yake, vuta. Ufungaji wa mgeni huwa umekaza hadi kitambaa kinabanwa juu kama mdomo wa mfuko. Tumia sindano nene zaidi kwa nusu milimita au milimita nzima mkono wa kulia, kwa safu hiyo tu.

Kabla hujaanza safu yoyote karibu na mwisho wa donge, pima uzi uliobaki. Kama haufiki mara nne ya upana wa kazi, usianze. Unga donge jipya mwanzoni mwa safu, ukiacha mikia miwili ya sentimita 15. Usipige fundo katikati ya kitambaa. Fundo hujitokeza upande wa mbele siku utakayokivaa mbele za watu.

10. Ficha mikia. Tia mkia kwenye sindano ya kushonea, upitishe ndani ya matuta au nundu za nyuma kwa sentimita 5, kisha rudi kinyume sentimita 2 au 3. Kwenda upande mmoja tu hakutoshi, utachomoka ukifuliwa.

KUFUMUA

Sasa kichukue kile kipande chako, usikifunge bado kama hujakifunga, na ukiharibu kwa makusudi. Naam. Kosa ulilolipanga mwenyewe halikupandishi presha.

Kwanza jua kusoma kitanzi kilichokaa sindanoni. Kina miguu miwili. Mguu wa kulia unakaa mbele ya sindano, wa kushoto nyuma. Ukirudisha kitanzi sindanoni na mguu wa kulia ukawa nyuma, kimegeuka. Ukikifuma hivyo kitajisokota na kuacha alama ya msalaba. Kigeuze kwa ncha ya sindano ya pili, au kifume kwa kuchomeka mguu wa nyuma, kitanyooka.

Kurudi kitanzi kimoja kimoja. Hii ni kwa kosa lililo ndani ya safu hii hii. Chomeka sindano ya kushoto, kutoka mbele, kwenye kitanzi kilicho chini kidogo ya kile kilichopo sindano ya kulia. Achia cha juu, vuta uzi. Kimerudi. Endelea hadi kwenye kosa. Inakwenda polepole lakini haipotezi kitu.

Kuokoa kitanzi kilichodondoka. Kitanzi kikichomoka, jambo la kwanza ni kuacha kuvuta kitambaa. Kifunge pini. Hakitafika chini kwa dakika moja, hasa kama uzi ni sufu. Kikiwa kimeporomoka safu kadhaa utaona ngazi: kitanzi chini, na vipago vya uzi juu yake, kipago kimoja kwa kila safu. Upande wa V, chomeka kulabu ya krosheti kwenye kitanzi kutoka mbele, kamata kipago cha chini kabisa, kivute kipite ndani ya kitanzi kije mbele. Panda kipago kinachofuata. Ukifika juu, kirudishe sindanoni, mguu wa kulia mbele.

Kwenye kitambaa cha matuta inataka uangalifu, kwa sababu safu zinapokezana. Angalia chini ya kitanzi kilichodondoka. Kama kimesimama juu ya V, kipago kinachofuata lazima kiache nundu, kwa hiyo geuza kitambaa na ukipandishe kutoka upande wa pili. Kama kimesimama juu ya nundu, kipandishe mbele. Unageuza kila kipago. Ukisahau mara moja utaona V iliyokaa peke yake katikati ya matuta, kama jino lililoota vibaya.

Ngazi hii hii unaweza kuitumia kwa makusudi. Ukiona pali iliyopaswa kuwa pleni safu nane chini, huna haja ya kufumua safu nane. Fuma hadi ufike juu yake, achia kitanzi hicho kimoja, kiporomoshe hadi kwenye kosa, kisha kipandishe upya. Siku nilipoonyeshwa jambo hili nilihisi nimepewa ufunguo wa nyumba ambayo nilikuwa naingilia dirishani.

Kufumua safu nyingi. Chomoa sindano. Ndiyo, chomoa kabisa. Weka kazi mezani, vuta uzi pole pole, ukiuviringa kwenye donge. Simama safu moja kabla ya kosa, halafu hiyo ya mwisho fumua kitanzi kimoja kimoja, kila kinachojitokeza unakidaka kwa sindano nyembamba kuliko ile uliyokuwa ukifumia. Nyembamba inaingia bila kusukuma majirani. Hesabu. Vikitimia, endelea na sindano yako ya kawaida.

Uzi wa uokozi. Kabla ya sehemu unayoiogopa, kama kuanza mchoro au kupunguza bega, tia ule uzi mwembamba wa pamba kwenye sindano ya kushonea na uupitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyoko sindanoni. Uache uzi huo hapo, endelea kufuma. Ukiharibu, unafumua hadi kwenye uzi huo na vitanzi vyote vinakusubiri vimejipanga. Kazi ikisonga, uhamishie juu.

Uzi uliofumuliwa unakuwa na mawimbi. Kwa marekebisho madogo ufume hivyo hivyo. Ukifumua kazi nzima, uzungushe kwenye mgongo wa kiti upate shada refu, ufunge sehemu nne kwa nyuzi za pamba, uloweke maji ya vuguvugu nusu saa, ukamue kwa kubonyeza na uutundike. Utanyooka.

Na jambo moja la tabia kuliko la ufundi: usirekebishe kosa usiku ukiwa na hasira. Weka chini. Nimewahi kufumua mgongo mzima wa sweta saa sita usiku, asubuhi nikagundua nilisoma vibaya mstari mmoja wa maelekezo na kazi haikuwa na kosa lolote.

KABLA YA KUFUMA SWETA: KIPIMO

Watu hawapendi sehemu hii, na ndiyo maana kuna sweta nyingi zisizomtosha mtu. Maelekezo yakisema vitanzi 22 kwa sentimita 10, wewe fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kifue kama utakavyofua sweta, kikauke, kisha pima sentimita 10 za katikati. Usipime pembeni, wala kikiwa bado sindanoni.

Tuseme umepata 24. Tofauti ya vitanzi viwili, unaona si kitu. Maelekezo yanataka vitanzi 110 mbele na 110 nyuma. Kwa 22, kila upande ni sentimita 50, jumla 100. Kwa 24 kila upande ni kama sentimita 46, jumla hata 92 haifiki. Sentimita nane zimepotea kifuani. Badili sindano iwe nene zaidi, upime tena. Ukipata 20, nenda nyembamba. Usijaribu kufuma kwa kulegeza mkono, maana mkono utarudi kwenye mazoea yake ukianza kuwaza mambo mengine.

KWA WANAOTUMIA KROSHETI

Nyinyi mna bahati. Kitanzi hai, yaani kile kilicho wazi kwenye kulabu, ni kimoja tu, kwa hiyo kufumua ni kuvuta na kusimama. Maswali yenu ni mawili. La kwanza, kitambaa kinapungua kuwa pembetatu: mnaruka mshono wa mwisho wa safu, ambao umejificha. Funga pini kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho wa kila safu hadi jicho lizoee. La pili, kazi haifanani na picha. Angalia maelekezo yametoka wapi. Mshono unaoitwa singo krosheti Marekani ndio dabo krosheti ya Uingereza, na dabo ya Marekani ni trebo ya Uingereza. Ukiona neno singo kwenye maelekezo, kwa kawaida ni ya Kimarekani.

MATATIZO YA KILA SIKU

Niliacha katikati ya safu, sijui naelekea wapi. Uzi wa donge unatoka kwenye kitanzi ulichomaliza kufuma. Sindano yenye kitanzi hicho inakaa mkono wa kulia. Ukiikosea, utaona upande mmoja wa kitambaa una safu mbili zaidi ya upande mwingine, na tundu pale ulipogeukia.

Kuna tundu katikati lakini hesabu imetimia. Uliongeza kitanzi kwa bahati mbaya, na mahali pengine umefuma viwili pamoja. Kama tundu ni dogo na lipo nyuma ya kofia, mimi ningeendelea. Si kila kosa linastahili jioni yako.

Sindano inapita katikati ya uzi badala ya kupita ndani ya kitanzi. Ncha ni kali mno kwa uzi huo, au uzi haujasokotwa vizuri. Ukiona nyuzinyuzi zimeachwa nyuma, rudi kitanzi hicho kimoja.

Rangi zimeachana, na uzi umebaki wa mikupuo miwili. Fuma safu mbili za donge moja, safu mbili za jingine, kwa kupokezana. Mpaka hautaonekana.

Vidole au kifundo cha mkono vinauma. Pumzika kila nusu saa, legeza mabega, na angalia kama unakaba sindano. Maumivu yakiendelea siku kadhaa ukiwa hufumi, hiyo ni kazi ya daktari.

Mkono wangu wa pili wa sweta haufanani na wa kwanza. Hesabu safu, usipime kwa futikamba. Kitambaa hunyooka na kudanganya. Au ifume mikono yote miwili kwa pamoja, kila mmoja na donge lake, kwenye sindano hizo hizo.

Sweta ya sufu imefuliwa ikawa ngumu na ndogo. Joto na kusuguliwa vimeshikamanisha nyuzi za sufu, na hapo hata mimi sina namna, hairudi. Nyingine ifue kwa maji ya baridi au vuguvugu, bila kusugua wala kusokota. Ikunje ndani ya taulo, ibonyeze, kisha ilaze ikauke kwa umbo unalolitaka. Ukiianika kwenye kamba, uzito wa maji utairefusha.

Nimepiga pasi kipande cha akriliki na kimelegea kama kitambaa cha kufutia. Joto limeyeyusha uthabiti wa nyuzi, na hilo nalo halirudi. Akriliki ilaze mbichi, isubiri ikauke, pasi ikae mbali. Kile kipande kilicholegea kihifadhi kwenye daftari pamoja na lebo yake, ukiandika pembeni ulichokifanya.